Je, Imani Yahitaji Ushahidi?



Hapa Kizwite, mjini Sumbawanga, vijana wetu wabishana: Je, mtu aweza kumwamini Mungu pasipo ushahidi? Wengine wao hunena kwamba lisiloonekana halipo. Na wazee kadha wa kadha, wakisikia hayo, huwaamuru wanyamaze. Sisi hatupendi kukemea huko. Bwana wetu hakumfukuza Tomaso. Alimwonyesha mikono yake.

Basi na tutazame kwanza ushahidi ulio karibu. Katika uwanda wa juu wa Ufipa yangaliko malungu, ndizo tanuru za kuyeyushia chuma, ambazo wahenga walizijenga kwa udongo wa vichuguu, ndefu kupita kimo cha mtu. Nazo zilivuta upepo kwa matundu ya chini, pasipo mivukuto. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20. Mafundi wale hatukuwaona. Walakini ni nani apitaye penye ilungu akasema kwamba limeota lenyewe kama uyoga? Mtume Paulo naye afundisha kwamba kazi za Muumba zamshuhudia (Warumi 1:20).

Lakini ushahidi huo una mpaka wake, wala haifai kuuficha. Ilungu latuambia kwamba fundi alikuwako, tena alikuwa na akili. Je, aliwapenda watoto wake? Alizitimiza ahadi zake? Udongo haujibu. Vivyo hivyo milima na nyota zaweza kutufikisha kwa Muumba, zisitufikishe kwa Baba. Na mama aliyemzika mtoto wake hatuulizi kama Muumba yuko. Atuuliza kama amjali. Hapo hoja zetu hunyamaza. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, akilieleza fungu la tatu la Kanuni ya Imani, akiri kwamba kwa akili na nguvu zake mwenyewe hawezi kumwamini Kristo, ila Roho Mtakatifu amwita kwa Injili.

Kwa maana moyo wa mtu hujulikana kwa neno lake, na kwa yale aliyokubali kuyavumilia kwa ajili ya wengine. Ndiyo sababu twawaonyesha watu msalaba. Hata Tomaso, alichokiona ni alama za misumari tu. Alichokikiri, kwamba huyu ni Bwana na Mungu wake, jicho halikuweza kumpa.

Basi, enyi wazee, kijana akiuliza tena baada ya ibada, mpeni mahali pa kuketi, mkafungue pamoja naye Yohana 20, mkianzia pale Tomaso alipokataa.