Mkia Uliuonaje?

Asubuhi moja ya Juni, huko Konoin katika kaunti ya Bomet, tulisimama watu sita ukingoni mwa malisho, pale mashamba ya chai yanapokoma na msitu wa Mau kuanza. Ukungu ulikuwa bado haujapanda. Ndege mdogo mweusi akapita karibu na nyasi, akageuka mara mbili, akapotelea nyuma ya mikaratusi. Mwalimu, mkubwa wetu kwa umri na kwa ujuzi, akashusha darubini yake, akasema, "Mbayuwayu wa buluu."

Wanaotazama ndege wanajua uzito wa maneno hayo. Mbayuwayu wa buluu ni ndege aliye hatarini kutoweka. Huzaliana katika nyasi za nyanda za juu, toka kusini mwa Tanzania hadi Afrika Kusini, kisha katikati ya mwaka huja kupumzika upande huu wa Ziwa Victoria. Hapa Kenya, anayemtaka humfuata Ruma au Busia. Kumpata Konoin ni habari kubwa. Tukaanza kupongezana.

Ndipo dada mmoja, mchuma chai ambaye huungana nasi siku zake za mapumziko, akasema kwa sauti ya chini, "Samahani Mwalimu, naomba kuuliza. Mkia uliuonaje?"

Swali lilikuwa mahali pake. Juu ya chai yetu hupita kila siku mbayuwayu weusi wa kawaida, na kwenye mwanga hafifu buluu na weusi ni kitu kimoja. Dume la buluu lina manyoya mawili ya mkia, marefu na membamba kama nyuzi. Mweusi wa kawaida hana nyuzi hizo. Bila mkia, hakuna jina. Hata hivyo pakawa kimya, nami nakiri kwamba nilimkasirikia yule dada. Niliona amemvunjia mzee heshima mbele ya watu.

Nimeirudia hasira hiyo mara nyingi tangu siku ile, nikitaka kujua ilitoka wapi. Kiswahili kinatupa maneno matatu: kuuliza, kuhoji na kushuku. Anayeuliza anataka kujua. Anayehoji anataka sababu. Anayeshuku ameshaamua moyoni, anangoja tu kuthibitishiwa. Lakini anayeulizwa akiwa mkubwa na muulizaji akiwa mdogo, masikio yetu huyasikia yote matatu kama neno moja, lile la mwisho. Tunasema kuuliza si ujinga. Ni kweli, lakini methali hiyo inamkinga anayeuliza peke yake. Anayeulizwa ameachwa bila kinga, naye ndiye anayehisi kwamba ameitwa mwongo.

Ndege adimu haachi kitu nyuma. Akisharuka, kilichobaki ni neno la aliyemwona, yaani ushahidi. Na kila ushahidi una vitu viwili ndani yake: shahidi, na kuona kwake. Mwalimu ni mtu mkweli. Sijapata kumsikia akiongeza chumvi. Lakini ukweli wa mtu hauondoi ukungu. Anayeuliza habari za mkia anauliza habari za mwanga, umbali na sekunde. Tunapokataa swali hilo kwa niaba ya mzee, sisi ndio tunaoufunga uaminifu wake kwenye mkia wa ndege, kana kwamba akikosea manyoya amekosa na utu.

Wapo watakaosema kwamba heshima ni kuamini, na siwapuuzi. Jirani akikwambia amefiwa, humwombi cheti. Kijiji ambacho kila neno linadaiwa ithibati kitageuka kituo cha polisi. Ila neno la ndege adimu halibaki kati yetu. Linaingia kwenye ramani na vitabu, na kesho mtu ambaye hatutamjua atalitumia kuamua ni nyasi zipi zilindwe na zipi zilimwe. Ndiyo maana Kamati ya Ndege Adimu ya Afrika Mashariki hudai maelezo yaliyoandikwa, awe nani aliyeona.

Nchi hii yetu ya Kalenjin inajua vizuri gharama ya kutomuuliza mkubwa. Tarehe 19 Oktoba 1905, ofisa Mwingereza Richard Meinertzhagen alikutana na Koitalel arap Samoei, Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wanandi, kwa mazungumzo yaliyoitwa ya amani, akamuua. Meinertzhagen alidai kuwa alijihami. Mabaraza matatu ya uchunguzi yakalipokea dai hilo, yakamwondolea lawama.

Mtu huyohuyo akawa bingwa mashuhuri wa ndege. Mnamo 1919 alifukuzwa kwa muda kwenye chumba cha ndege cha jumba la makumbusho la London kwa kuchukua vielelezo bila ruhusa, kisha akarudishwa. Mwaka 1954 akalikabidhi jumba hilo mkusanyo wake wa vielelezo vipatavyo 20,000. Wenzake walinong'ona. Kumuuliza waziwazi bwana mkubwa wa namna ile haikuwa adabu. Alikufa mwaka 1967 na sifa zake zote, na ni miaka ya 1990 tu ambapo wataalamu wa ndege Alan Knox, kisha Pamela Rasmussen na Nigel Collar, walionyesha kwamba vielelezo vingi vilikuwa vya wizi, vimebandikwa mahali na tarehe za uongo. Kimojawapo ni bundi wa msituni wa India, ambaye Meinertzhagen alidai kumpata Gujarat mwaka 1914. Rasmussen na wenzake wawili waliliacha dai hilo, wakafuata rekodi za kweli za karne ya 19, na Novemba 1997 wakamkuta bundi huyo hai katika jimbo la Maharashtra. Kielelezo cha kweli cha mwisho kilikuwa cha mwaka 1884.

Adabu ile ile ina upande wa pili, ambao unaniuma zaidi kwa sababu nami nilikuwemo. Mwaka mmoja kabla ya asubuhi ile, yule dada alitwambia ameona tai mkubwa akibeba tumbili kwenye miti ya kando ya mto. Tukamjibu kwa upole kwamba huyo ni tai wa kishungi kirefu, yule anayekaa juu ya nguzo za stima akivizia panya. Hatukumuuliza ukubwa, wala rangi ya kifua, wala ni mti gani. Miezi mingi baadaye tulikuta mifupa ya tumbili chini ya mti mrefu wa mto uleule, na juu yake kiota cha tai mwenye taji. Mwalimu tulimwamini bila kumuuliza. Dada tulimkanusha bila kumuuliza. Wote wawili tuliwanyima kitu kimoja, haki ya shahidi ya kusikilizwa mpaka mwisho.

Nenda jioni kwenye kituo cha kununulia majani ya chai. Kila kapu linamwagwa mezani, karani anapekua kutafuta majani magumu, kisha mzani unasema. Hakuna anayekasirika kwa kupimwa, kwa kuwa wa mbele yake amepimwa na wa nyuma yake atapimwa. Kinacholeta ugomvi ni kapu moja kupitishwa bila kuguswa.

Pale Konoin, Mwalimu alikaa kimya kidogo, akaifuta darubini kwa ncha ya shati. "Mkia sikuuona, mama," akasema. "Umeuliza vizuri." Akachukua daftari, nami nilisimama karibu naye nikisoma alichoandika: mbayuwayu mmoja, mweusi au buluu, mkia haukuonekana, ukungu, sekunde kama kumi. Kwenye safu ya jina la ndege hakuandika kitu. Kwenye safu ya mashahidi aliandika majina yetu sote sita, akaanza na la yule dada.