Mkaazi wa Kudumu

Kadi yangu ya ukaazi wa kudumu wa Kanada ina tarehe ya mwisho. Inadumu miaka 5, na ndani ya miaka hiyo lazima niwe nimekaa nchini humo siku zisizopungua 730, la sivyo naweza kuipoteza hadhi hiyo. Nilikwenda Edmonton na CPA niliyoipata NBAA, nikakaa chini na kufanya mitihani mingine. Mhasibu ni mhasibu: jioni ile kadi ilipofika nilifungua jedwali kwenye kompyuta, nikaanza kuhesabu siku za kudumu kwangu.

Nilimpigia mama, Buganguzi. Alimshukuru Mungu, kisha akauliza, "Kwa hiyo utazikwa huko?"

Kwa Mhaya hilo ni swali la makazi. Kwetu marehemu hulazwa kibanjani, karibu na nyumba, na wajukuu hucheza kando ya makaburi bila woga. Huko ndiko kudumu. Ila kuna jambo mama hakulitaja: kwa mila, kibanja kile hakikuwa changu hata kabla sijapanda ndege. Binti aliweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, asiweze kuiuza. Mwaka 1990, katika kesi ya Holaria Pastory, aliyeuza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa wosia wa baba yake, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume juu ya ardhi hiyo. Baba alipoandika wosia wake na kunigawia sehemu ya juu, karibu na barabara, wazee walinung'unika tu.

Mwaka 2019 nikatimiza siku za kuomba uraia wa Kanada. Wakati huo sheria yetu ilikuwa wazi: mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine anapoteza wa Tanzania, na asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Yaani nikidumu kabisa kule, kwetu nageuka mpita njia.

"Dada, chukua tu," mdogo wangu wa kiume aliniambia. "Sehemu yako nitaishika mimi." Hakuwa na hila. Angekuwa nayo ningejua la kufanya.

Nina daftari la kila nilichotuma tangu mshahara wa kwanza: mabati, tangi la maji, dawa za presha za mama. Kwa miaka mingi niliona daftari lile ni hoja tosha. Anayelipa ana haki. Lakini mnyauko wa migomba, uliogunduliwa nchini kwa mara ya kwanza hapahapa Muleba mwaka 2006, ulipoingia kibanjani kwetu, aliyeng'oa mashina na kupitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine alikuwa yeye. Daftari langu halina safu ya siku hizo. Wala halina safu ya kahawa iliyonilipia ada, iliyochumwa na yeye pia, akiwa mtoto.

Basi ardhi iwe ya aliyebaki? Nilikaribia kukubali, hadi nilipowakumbuka shangazi zangu. Wao nao waliambiwa wameondoka. Waliondoka kwa ndoa, mimi kwa viza, na hoja ni ileile ya wazee, safari hii inatoka kinywani mwangu.

Sikuomba uraia. Nilihuisha kadi. Mimi na mdogo wangu tuliandikishana kwamba atailima sehemu yangu na mazao yote ni yake, ila umiliki unabaki kwangu. Bado sijui kama nilimtendea haki, au nilijinunulia kaburi kwa jasho lake.

Mwezi uliopita mama alipiga simu. Pale juu, karibu na barabara, migomba mingine imeng'olewa na pamebaki wazi.

"Nipande nini?"

Nikamwambia amuulize mdogo wangu.

"Nimeshamuuliza. Amesema nikuulize wewe."