Mfongo Ulioziba

Anayeahirisha kazi huitwa mvivu, na dawa anayopewa ni kujikaza. Hukumu hiyo haimfai mkulima anayeamka alfajiri, akapalilia, akakata majani ya ng'ombe, lakini mibuni yake ikamaliza mwaka haijapogolewa. Nguvu anazo. Kinachomkwamisha ni kingine.

Mwika, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mfano wake unaonekana kwa macho: mfongo, mfereji unaochepushwa kutoka kijito cha juu na kuzungushwa ubavuni mwa kilima hadi vihambani, yaani mashamba ya nyumbani. Pampu hauna. Maji yakikoma kufika, hakuna aendaye kuyasukuma. Watu hupanda na majembe, wakazoa matope, majani ya migomba, jiwe lililoporomoka. Kisha maji hushuka yenyewe, kwanza meusi yenye povu na vijiti, baadaye maangavu.

Maji ndiyo mfano unaopendwa na Daodejing, kitabu cha kale cha Kichina chenye sura 81 kinachonasibishwa na Laozi. Humo mna wu wei, yaani kutenda bila kulazimisha, jambo ambalo wavivu hulifurahia kabla ya kulielewa. Zhuangzi, mwanafalsafa wa Kichina wa karne ya 4 KK, anazungumzia kufunga kwa moyo: moyo hunyimwa chakula ulichozoea, yaani hesabu, hofu na kiu ya sifa, hadi ubaki mtupu. Kichina hutumia neno moja kwa moyo na akili. Msemaji wa Kiswahili, anayesema moyo umekataa, hatashangaa.

Mkulima yule amesimama mbele ya mbuni, mkasi mkononi. Tawi kavu ni la kukata mara moja tu. Lakini kichwani mna bei ya msimu ujao, ada ya shule, mzozo wa mpaka, na swali kama mibuni yote ing'olewe ipandwe migomba. Mkasi unarudi kuchomekwa ukutani mwa jiko. Mawazo hayo si ya uongo. Ni majani halali kabisa, ila yameangukia mferejini.

Kweli, kutuliza moyo nako huweza kugeuka kisingizio: nitaanza nikishatulia. Lakini mwenye jembe mfongoni tayari yumo kazini, na maji hayasubiri mfereji mzima ung'ae. Tena masika huujaza upya, ndiyo maana usafishaji huwa na siku yake ya pamoja, na asiyefika hutozwa faini. Moyo hauna majirani wa namna hiyo.