Gereza Lililomwogopa Mfungwa



Mtawala mdhalimu hatosheki na utii wa mikono na miguu. Mwili wa mtu aweza kuufunga kwa mnyororo, akaulaza sakafuni na kuupunguzia chakula. Walakini ajua kwamba bado hajapata alichokitafuta. Ataka mfungwa akubali mwenyewe, ndani ya nafsi yake, kwamba nyeusi ni nyeupe, kwamba Mungu hayuko, kwamba ndugu yake ni adui yake. Ndiyo maana tawala za namna hiyo katika karne ya 20 hazikujenga magereza tu. Zilijenga na makambi ya kuwageuza watu akili. Leo twataka kumtazama mfungwa mmoja aliyeingizwa humo, tuone mwishowe ni nani aliyegeuzwa.

Mfungwa huyo ni François-Xavier Nguyen Van Thuan, wa nchi ya Vietnam. Alizaliwa Hue mwaka 1928, akapadirishwa mwaka 1953, na mwaka 1967 akawa Askofu wa Nha Trang. Tarehe 24 Aprili 1975 Papa Paulo wa VI alimteua kuwa Askofu Mkuu Mwandamizi wa Saigon. Siku sita baadaye mji huo ukaangukia mikononi mwa majeshi ya Kikomunisti. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, Askofu akakamatwa. Alikaa kifungoni miaka 13, na katika hiyo miaka 9 alitengwa peke yake. Hakupelekwa mbele ya hakimu hata siku moja.

Katika miaka hiyo watu mamia ya maelfu wa Vietnam ya Kusini, maofisa wa jeshi, watumishi wa serikali na viongozi wa dini, walipelekwa katika makambi yaliyoitwa ya mafunzo mapya. Jina ni zuri, mtu angedhani ni shule. Lakini mwanafunzi wa shule hiyo hakujua siku ya kumaliza. Alifanya kazi ngumu kwa chakula kidogo, akasikiliza masomo ya siasa, akaamriwa kuandika habari za maisha yake na kujishtaki mwenyewe, kisha kuandika tena, na tena, mpaka asiweze kupambanua wazo lililo lake na wazo alilotiwa.

Askofu Van Thuan alitiwa katika chumba kisicho na dirisha. Pengine taa iliwaka usiku na mchana. Pengine aliachwa katika giza tupu. Kwa ukali wa joto ilimbidi alale chini na kusogeza pua yake penye tundu chini ya mlango, apate kuvuta pumzi. Mwenyewe ameshuhudia kwamba zilikuwako siku ambazo hakuweza hata kusali. Tena kulikuwa na jambo lililomtesa kupita joto. Hajafika miaka 50, ana nguvu na maarifa ya kazi, na kazi zote alizozianzisha kwa ajili ya Mungu anaziona zikiharibika, naye amefungiwa. Hapo ndipo adui alipokuwa karibu kushinda, kwa maana mtu aliyekata tamaa hana haja ya kulazimishwa, hujisalimisha mwenyewe.

Lakini usiku mmoja alisikia moyoni mwake kama sauti inayomfundisha kupambanua kati ya Mungu na kazi za Mungu. Seminari, mafundisho ya vijana, ziara za parokia, hizo zote ni kazi njema, ni za Mungu. Lakini si Mungu mwenyewe. Mungu akitaka aziache, na aziache mara moja, naye Mungu atawapa wengine. Yeye alimchagua Mungu. Tangu saa hiyo amani ilimwingia. Angalieni basi, ndugu: serikali ilikuwa imemnyang'anya kila kitu isipokuwa kile kimoja ambacho moyo wake ulikuwa umesimama juu yake. Mtu wa namna hiyo utamtisha kwa kumnyima nini?

Sasa sikieni habari za walinzi wake. Hapo mwanzo hawakusema naye, ila kumjibu ndiyo au siyo. Wakubwa wao walikuwa wamewaambia kwamba watabadilishwa kila baada ya majuma mawili, wasije wakaambukizwa na askofu huyo wa hatari. Yeye akajiuliza awape nini, maana hakuwa na kitu. Akaona kwamba bado anao upendo wa Kristu. Akaanza kuwatazama kwa uso mkunjufu, kuwasimulia safari zake na maisha ya mataifa mengine; wakaanza kuuliza maswali; wakataka kujifunza Kifaransa na Kiingereza. Walinzi wakawa wanafunzi wa mfungwa. Wakubwa walipoyaona hayo waligeuza shauri. Wakasema walinzi hawa wasibadilishwe tena, maana wakiendelea kubadilishwa, huyu askofu atawaambukiza polisi wote!

Tuyafikiri maneno hayo. Serikali iliyoshinda vita, yenye bunduki na magereza na shule na redio, ilihofu kuwapeleka askari wapya mbele ya mtu mmoja aliyekonda kwa kifungo. Ilimhofu kwa sababu gani? Hakuwa na silaha, wala hakuwafanyia njama. Siku moja mlinzi mmoja alimwuliza kama kweli anawapenda, hali wamemfunga miaka mingi bila hukumu, na kama akifunguliwa hatawatuma watu wake kuzichoma nyumba zao. Askofu akajibu kwamba anawapenda, hata wangetaka kumwua, kwa kuwa Yesu ndivyo alivyomfundisha, naye asipofanya hivyo hastahili kuitwa Mkristu. Yule askari akakiri kwamba jambo hilo ni zuri sana, ila ni gumu kulifahamu.

Hapo ndipo siri ya habari hii ilipo. Kazi ya kugeuza akili za watu hutegemea mambo mawili, hofu na chuki. Mwenye hofu hufanya anachoambiwa. Mwenye chuki amekwisha kufanana na adui yake, hata akijidhani anampinga. Asiye na hofu wala chuki hana mpini wa kushikiwa. Na lililo kubwa zaidi, humwonyesha mlinzi wake kwamba yawezekana kuwa huru, na mlinzi akiliona hilo huanza kujiuliza maswali. Mtakatifu Paulo alipofungwa Rumi aliandika kwamba askari wote wa ikulu walijua sababu ya vifungo vyake. Kisa ni kile kile.

Mmoja wa walinzi alimruhusu Askofu akate kipande cha mti kwa umbo la msalaba, jambo lililokatazwa kabisa, naye akakificha ndani ya sabuni. Baadaye, katika gereza jingine, aliomba waya wa umeme. Mlinzi akaogopa, maana mfungwa aombaye waya hufikiriwa kuwa ataka kujiua. Walakini aliuleta, na wakatengeneza wote wawili mkufu wa msalaba ule. Askofu aliuvaa mpaka mwisho wa maisha yake. Wakati wa kifungo alisoma Misa Takatifu kwa matone matatu ya divai na tone moja la maji katika kiganja cha mkono. Divai hiyo waamini walimpelekea katika chupa ndogo, iliyoandikwa kuwa dawa ya tumbo.

Yafaa tuongeze neno, tusije tukawahukumu wengine. Kardinali Mindszenty wa Hungaria alikamatwa tarehe 26 Desemba 1948, akapigwa na kunyimwa usingizi kwa majuma mengi, na mbele ya mahakama, mwezi wa Februari 1949, alikiri mambo aliyotakiwa kuyakiri. Lakini kabla ya kukamatwa alikuwa ameandika kwamba likisikika ungamo lolote kutoka kwake, lihesabiwe kuwa ni udhaifu wa mwili wa kibinadamu. Mwili una mipaka yake. Aliyevunjwa kwa mateso hajaikana imani yake. Na aliyesimama asijivune, kwa maana alisimamishwa na neema.

Wazazi wapenzi, neema hiyo ilianza kumwandaa Van Thuan wapi? Mwenyewe amesema: nyumbani. Mama yake, Elizabeth, alimsimulia kila jioni habari za Biblia na za mashahidi wa nchi yao, kati yao wazee wa ukoo wao. Ndugu za mama huyo walipouawa, akiwamo Rais Ngo Dinh Diem mwaka 1963, mtoto alimwona mama yake akisamehe. Na mwanawe alipofungwa, mama aliwaomba watu wamwombee, si afunguliwe upesi, bali abaki mwaminifu mahali Mungu anapomtaka. Samaki mkunje angali mbichi. Mtu hajifunzi kupenda adui siku ya kuingia gerezani.

Nasi hatumo katika makambi yale. Lakini watoto wetu wanavutwa akili kila siku, na rafiki, na fedha, na simu iliyo mkononi, na kila sauti inayowaambia wamchukie fulani kwa kabila lake au dini yake. Je, jioni wanasimuliwa nini nyumbani mwetu? Wanatuona tukimsamehe jirani, au wanatusikia tukimlaani mezani?

Askofu alifunguliwa tarehe 21 Novemba 1988. Mwaka 2000 alihubiri mafungo ya Kwaresima mbele ya Papa Yohane Paulo wa II. Mwaka 2001 akafanywa Kardinali. Akafariki tarehe 16 Septemba 2002. Na mwaka 2017 Kanisa lilimtangaza kuwa Mtumishi wa Mungu anayestahili heshima. Tumwombe Mungu atupe moyo kama ule, nasi tuanze leo jioni, katika sala ya nyumbani, kwa kumtaja kwa jina mtu mmoja aliyetukosea.