Sikio na Kazi Yake

Katika Marko 7:31–37 twasoma habari za kiziwi aliyeletwa kwa Bwana. Bwana hakumponya kwa mbali, bali alimchukua kando, akayagusa masikio yake kwa vidole. Basi leo tulitazame neno hili, sikio.

Lugha zina ukoo kama watu walivyo na ukoo. Mjerumani husema Ohr, Mwingereza ear, Mholanzi oor, Mswedi öra. Asikiaye mara ya kwanza hudhani ni maneno mbalimbali, kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Katika Kigothi, lugha ambayo Askofu Wulfila aliifasiria Maandiko katika karne ya 4, sikio liliitwa auso. S ile ndiyo iliyogeuka kuwa r kwa hao wengine.

Nasi tu vivyo hivyo. Mganda husema amatu, Mkikuyu matũ, Mnyarwanda amatwi; na ng'ambo ya Tunduma, sokoni Nakonde, Mbemba husema amatwi pia. Mwaka 1899 mchungaji mmoja Mjerumani, Carl Meinhof, alitoa kitabu juu ya sauti za lugha za Kibantu, akionyesha jinsi maneno ya namna hii yanavyofuatana kwa kanuni. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana habari za mpaka, na Wanyamwanga wakawa pande mbili. Lakini mpaka haukuikata lugha yao.

Lakini Kiswahili kimeliacha jina lile la kale. Sikio latokana na kusikia, kama ufagio utokavyo katika kufagia. Kiungo kimepewa jina la kazi yake. Tena kusikia kwetu si kupokea sauti tu. Mama asemapo, "Mtoto huyu hasikii," hasemi kwamba ni kiziwi, bali kwamba hatii. Wajerumani nao neno lao la utii, Gehorsam, limetoka katika hören, yaani kusikia. Na wazee wetu walisema: sikio la kufa halisikii dawa. Viziwi wa mwili hatuwahukumu, maana wengi wao husikia kwa macho na mikono kuliko sisi. Twasema juu yetu sisi tulio na masikio mazima.

Na tujipime. Tunduma ni mji wa njia kuu. Katika viti vyetu hukaa Mnyamwanga, Mnyiha, Mndali, Msafwa, Mnyakyusa na wageni wa ng'ambo. Mjane mzee asimama mbele ya baraza la wazee kuleta shauri la shamba la marehemu mumewe. Kiswahili chamshinda, arudia lugha ya mama yake. Vijana wacheka, wazee watazama saa, na shauri laahirishwa hata mara ya tatu. Mwisho mama yule hukaa kwake asije tena, na shamba huliwa na mwenye maneno mengi. Je, masikio hayakuwapo? Yalikuwapo, kazi yake ndiyo iliyokosekana.

Siku ya Pentekoste, kama tusomavyo katika Matendo 2, Roho hakuwangoja watu wajifunze lugha moja ndipo wasikie. Kila mtu alifikiwa katika lugha ya kwao. Basi ikiwa Mungu hakuona aibu kusema kwa lugha ya mgeni, sisi ni nani hata tuone aibu kuisikiliza?

Kwa hiyo yatupasa kila usharika uchague mkalimani mwaminifu, asiye na fungu katika shauri. Tena mzee wa baraza asikate neno kabla hajayarudia maneno ya mnenaji, na mnenaji mwenyewe akiri, "Ndivyo nilivyosema." Hapo ndipo sikio litakapostahili jina lake.

Bwana aliyeyagusa masikio ya yule mtu na ayaguse na yetu, tusikie na kutenda. Amina.