Unyooshe Mkono

Tangu nitolewe titi la kushoto kwa ajili ya saratani, hapa Kahama sishiki hata ndoo ya lita tano. "Mama, wewe tulia," mkwe wangu husema. Ni upendo, nami naushukuru. Lakini mwili ni amana ya Mungu; je, amana hutunzwa kwa kulazwa tu?

Zoezi langu ni dogo. Nasimama mbele ya ukuta, vidole vinapanda polepole hadi kovu la kwapani livute. Hapo nasubiri, napumua, navishusha. Siku za dripu ya dawa, uchovu ukiwa kwenye mifupa, natembea hadi kisimani na kurudi.

Kwa muda mrefu hata madaktari walitukataza kubeba vizito, kwa hofu ya mkono kuvimba. Mwaka 2009 utafiti wa Kathryn Schmitz, Marekani, ulionyesha kuwa kunyanyua uzito hatua kwa hatua hakukuongeza uvimbe wa mkono. Mwongozo wa kimataifa wa 2019 wa mazoezi kwa wenye saratani unataja dakika 30, mara tatu kwa wiki.

Wapo wanaoona kuhangaika hivi ni kutoridhika na mapenzi ya Mungu. Siafiki. Mwenye mkono uliopooza aliambiwa na Yesu aunyooshe siku ya Sabato, siku yenyewe ya mapumziko! Na jirani yangu Mwislamu ananiambia asiyeweza kusimama huswali ameketi: mgonjwa hupunguziwa, haondolewi ibadani.

Wanajumuiya huja kuniombea wakiwa wameketi. Nimewaomba tusimame, tuimbe, tuinue mikono. Sisi ni Wasukuma, kucheza tunakujua.