Kipimo Hubadilika, Haki Haibadiliki

Kila sifa njema yamstahiki Mwenyezi Mungu aliyeamrisha uadilifu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Kuna maneno yasemwayo katika mabaraza ya Dar es Salaam, tangu Magogoni penye soko la samaki hata Kariakoo, nayo husemwa na watu wenye akili, wala si wajinga. Husema kwamba mema na mabaya ni ada za watu tu: lililo aibu kwa kaumu hii ni fahari kwa kaumu ile. Wengine husema jema ni lile liamriwalo na serikali. Na wengine hupita mpaka, wakasema hakuna jema wala baya, ila mwenye nguvu na asiye nguvu. Maneno haya yataka kupimwa, na mahali pa kuyapima si mbali: ni sokoni.

Zamani nafaka ilipimwa kwa kibaba, na vibaba vinne ndiyo pishi moja. Kisha zikatumika ratili, na leo hutumika kilo. Hapana shaka hizi ni ada, na apimaye kwa pishi si mwovu kuliko apimaye kwa kilo. Hapa wenye kushika neno la ada wamesema kweli. Walakini wamechanganya mambo mawili. Kipimo ni ada. Kutimiza kipimo si ada. Mtu aliyelipa pishi akapewa vibaba vitatu haendi zake akishukuru, awe wa zama zile au wa zama hizi. Hata Magogoni, ambako samaki huuzwa kwa mafungu pasipo mizani, mnunuzi aliyeonyeshwa fungu hili akatiliwa jingine dogo hahitaji kufundishwa kwamba amepunjwa.

Sura ya 83 katika Kurani yaitwa Al-Mutaffifin, yaani wapunjao vipimo. Nayo haikutaja upungufu wa kipimo peke yake, bali ilikusanya tabia mbili katika mtu mmoja: apokeapo hutaka atimiziwe, na atoapo hupunguza. Mtu huyu hakupita na zama zake. Yuko leo, na kazi yake ina jina: lumbesa. Huenda shambani akanunua viazi au vitunguu kwa gunia lililojazwa hata likapita mdomo, likashonewa wavu juu kama kilemba, na mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Akifika mjini huuza kwa kipimo pungufu. Akiulizwa, hujibu: ndiyo ada ya biashara.

Lakini siku yeye apunjwapo na mwenziwe hasemi ni ada. Hupiga ukelele, akasema amedhulumiwa. Ukelele ule ni ushahidi wa mtu juu ya nafsi yake.

Huenda mbishi akasema: hakulia kwa haki, bali kwa fedha iliyompotea. Jawabu lake ni hili. Mfanyabiashara huyo huyo mvua ikimnyeshea vitunguu vyake vikaoza, hasara yake yaweza kuwa kubwa kuliko ile ya kupunjwa. Atahuzunika, naye hatasema mvua imemdhulumu, wala hataidai. Basi moyoni mwake amepambanua hasara na dhulma. Kama hakuna baya duniani, kitu gani hicho alichokipambanua?

Ama wasemao kwamba haki ni amri ya serikali, na walitazame jina la Kariakoo wenyewe. Jina hili limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliowekwa mahali pale baada ya mji kutwaliwa mwaka 1916. Katika vita ile Wajerumani na Waingereza walichukua wapagazi kwa maelfu, wengi wao kwa nguvu, na waliokufa kwa maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Kila upande ulitenda kwa amri ya serikali yake. Ikiwa amri ndiyo haki, basi mtu aliyetolewa shambani mwake, akatwishwa mzigo hata akafa njiani, hakudhulumiwa na yeyote. Neno hili ulimi waweza kulitamka, lakini moyo hauwezi kulikubali. Leo sheria ya vipimo ya Tanzania yakataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo hukagua mizani za wauzaji. Sheria hiyo ni njema. Walakini haikuumba ubaya wa lumbesa. Iliukuta, ikaukataza.

Wanazuoni wa Kiislamu walikhitilafiana zamani juu ya asili ya jambo hili. Muutazila, na miongoni mwao Kadhi Abdul-Jabbar aliyefariki mwaka 415 wa Hijra, walisema kwamba akili yaweza kuujua uzuri na ubaya wa matendo kabla ya sharia kufika. Imam Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki mwaka 324, naye alikuwa kwanza katika Muutazila kisha akawaacha. Madhehebu yake yalishika kwamba wajibu hauthubutu ila kwa sharia ya Mwenyezi Mungu. Hitilafu yao ni kubwa, na vitabu vyake ni vingi. Hata hivyo hawakuuweka wema mikononi mwa watu wa soko, wala mwa mwenye kutawala. Waliulizana mizani hujulikana kwa njia gani. Hawakusema kila mtu na ajichongee yake.

Na jambo hili si la mabarazani tu. Mkulima aliyejaziwa gunia hana askari wala mali, na mjane anunuaye nusu kilo hana mizani nyumbani. Silaha yao ni neno moja: si haki. Mwenye kusema kwamba haki ni ada amewanyang'anya neno hilo, kwa kuwa ada huwekwa na wenye nguvu. Naye mwenyewe hakusalimika, kwani siku atakapopunjwa atalitafuta neno lile lile, naye amekwisha kulitupa.

Basi na ajitazame kila mwenye duka na kila mwenye meza. Kipimo atakacho anunuapo, na akitoe hicho hicho auzapo. Akiona kwamba ni kizito kwake kukitoa, na ajue kwamba alikwisha kuijua haki tangu alipoidai.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.